Mawe Yaliyohama Sikioni

Usiku wa jana niliota kitanda kinanikanya. Wengine huota wanaruka angani, wengine huota nyoka. Mimi, mwanamke wa miaka sitini na moja, nilikuwa nasemwa na kitanda cha futi nne ambacho hata si changu. Ni cha mwanangu Ziada, hapa Tabora mjini, nilikokuja kumuuguza uzazi.

"Mama Ziada," kitanda kikasema, "umegeukia kulia bila kuomba ruhusa."

"Samahani," nikasema. "Nimepitiwa."

"Kila siku unapitiwa," kikasema, kikaanza kuzunguka.

Nisimame hapo kidogo nieleze mambo ya nyumba yetu, maana asiyeyajua ataona kitanda kilikuwa kinanionea.

Ziada ni kitindamimba wangu. Alikaa kwenye ndoa miaka tisa bila mtoto, na siku kumi na mbili zilizopita akajaliwa wa kiume. Wakampa jina la Mrisho, jina la marehemu mume wangu, babu yake mtoto. Kwetu bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, huo ndio utani wetu, na huyu alikuja na jina lenyewe kabisa. Nilitoka Nzega na unga wa uji, ungo wangu, na furaha ambayo sikujua niifunge kwenye kifurushi gani. Kazi ya bibi mzaa mama inajulikana: amkande mzazi kwa maji ya moto, amwogeshe mtoto, ampakate ili mama yake apate usingizi.

Siku mbili nilifanya yote hayo. Siku ya tatu niliinama kwenye beseni, mtoto yuko juu ya mkono wangu, na dunia ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Haikufika hata dakika. Nilimrudisha mtoto kwa mama yake akiwa bado amelowa, nikatoka nje nikiambaa na ukuta, na sikusema neno. Tangu hapo nimepika, nimefua nepi, nimemkanda Ziada mpaka akalalamika, lakini mtoto sikumshika tena. Kila nikiletewa nilikuwa namenya vitunguu.

Zahanati nilikwenda, tena kwa kujificha, nikiaga kwamba nafuata dagaa. Tabibu mmoja kijana alinilaza, akakigeuza kichwa changu huku ananitazama machoni, akasema ndani ya sikio mna vijiwe vidogo mno na vyangu vimehama chumba. "Si uchawi, mama, wala si jambo la aibu. Linatibika kwa kukigeuza kichwa kwa utaratibu wake. Njoo kesho na mtu wa kukusindikiza." Nikamwambia nimechagua mawe kwenye mchele miaka arobaini, yangekuwepo kichwani mwangu ningeyaona. Nikaondoka. Kilichonishinda hasa ni huyo mtu wa kunisindikiza. Wa kumwambia anitafutie ni Ziada. Nimekuja kumuuguza yeye, halafu yeye aanze kuniuguza mimi?

Jana jioni nikamsikia akizungumza kwa simu na mumewe, ambaye wiki hii ana zamu ya usiku kazini. "Ukirudi asubuhi, kabla hujapeleka ile karatasi ya cheti cha kuzaliwa, tubadilishe jina. Nadhani jina la baba limemtonesha mama. Hata kumpakata hampakati. Hamtaki, nakwambia." Akalia kidogo, akidhani nimelala.

Nilijilaza na maneno hayo kifuani, nikageukia kulia kwa hasira. Ndipo kitanda kikanikanya.

Basi kitanda kinazunguka. Kabati linapita. Dirisha linapita. Kabati linapita tena, na safari hii linaniamkia. "Shikamoo." Naitikia marahaba. Nashika shuka, shuka linaniambia nalo linatafuta pa kushika.

"Nitazame mimi," inasema sauti kutoka ukutani.

Ni kalenda ya mashine ya kusaga nafaka. "Itazame tarehe kumi na saba," inasema. "Hiyo peke yake. Hizo nyingine zina maringo." Tarehe kumi na saba ndiyo aliyozaliwa mtoto, na Ziada ameizungushia kalamu nyekundu. Naikazia macho.

"Na mimi sizunguki," ukuta unaongeza. "Nilijengwa hapa mwaka wa mvua nyingi na sijawahi kwenda popote."

"Mbona nakuona unapita?"

"Hayo ni macho yako. Usinisingizie."

Nikaendelea kuitazama tarehe. Kabati likapita mara moja zaidi, likapunguza mwendo, likasimama mahali pake na kujifanya halikuhusika. Nikaushukuru ukuta. Ukuta ukasema si neno, ndiyo kazi yake.

Nilitaka kuinuka, lakini ukingo wa kitanda ulikuwa umegeuka kituo cha kusubiri. Watu watatu nisiowajua walikuwa wameketi hapo, miguu wameining'iniza. Nikaketi kando yao nikamuuliza wa karibu anasubiri nini.

"Damu," akajibu. "Yangu imefika kiunoni. Ikifika kichwani nitaitwa."

"Na asiyesubiri?"

"Yule pale." Alinionyesha mwanamume aliyekuwa amelala sakafuni, koti limemkaa vizuri, viatu vinang'aa. "Aliinuka mara moja kwa sababu simu iliita. Sasa yuko chini na simu bado inaita."

Nikasubiri. Nilichezesha vidole vya miguu, wote watatu wakachezesha vya kwao. Baadaye sauti ikaita, "Mama Ziada, simama taratibu," nikasimama, na hakuna kilichotokea. Nilitaka kupiga vigelegele lakini niliona haya mbele ya wageni.

Mlango ukafunguka, akaingia mume wangu.

Alikuwa na umri wa siku kumi na mbili. Alivaa kofia ya marehemu babu yake, imemshuka mpaka puani, na kwenye paji la uso alikuwa na doa nene la wanja ambalo Ziada humpaka kila jioni kumkinga na kijicho. Alitembea mikono nyuma, vile alivyotembea Mrisho mkubwa akikagua jaruba la mpunga.

"Mke wangu," akasema.

"Abee."

"Leo ni siku ya ngapi hujanipakata?"

"Ya tisa."

"Nina kilo tatu na robo. Nimekulemea?"

"Hapana, hata kidogo."

"Basi una mume mwingine."

Nikamwambia sina, na kwa umri huu sitafuti. Akatikisa kichwa polepole, kofia ikabaki ilipo.

"Vitunguu," akasema. "Kila nikiletwa unamenya vitunguu. Nyumba hii ina watu wanne, na mmoja ananyonya. Nani anakula vitunguu vyote hivyo?"

Akanishika kidole akaniambia twende. Hatukupita mlangoni, maana tulikuwa tayari tuko kwenye lango la zahanati.

Mlinzi wa lango ni kipimo cha presha. Amevaa sweta, ameketi kwenye kigoda, na kila anayefika anamkumbatia mkono mpaka mkono unakufa ganzi, kisha anamwachia na kuvuta pumzi ndefu.

"Inua mikono yote miwili," kinaniambia. Nainua.

"Tabasamu." Natabasamu.

"Mdomo umekaa sawa. Taja jina la mumeo, lisivutike."

"Mrisho."

"Naam," anaitika mtoto.

"Unamwona mmoja au wawili?"

"Mmoja. Ananitosha."

Kando kulikuwa na mlango mwingine, mwekundu, na nje yake gari linanguruma halizimwi. Nikauliza ule ni wa nani.

"Wa wasiosubiri," kikasema kipimo. "Kizunguzungu kikikujia na mdomo umekwenda upande, au mkono mmoja umelegea, au ulimi mzito, au kichwa kinapasuka kwa maumivu, au umezimia, au kifua kinabana, usikae hapa kuota na mimi. Pita ule, na usiage kwamba unafuata dagaa."

Nikainamisha uso. Sikujua kama habari za dagaa zimefika mpaka huku.

"Wewe leo si wa ule. Wewe ni wa sikioni," kikasema, kikatufungulia.

Tukaingia sikioni mwangu. Sikuuliza tumeingiaje, kwa sababu ndani palikuwa uani kwangu Nzega, na mtu haulizi amefikaje kwake. Kuku walikuwepo. Ungo wangu ulikuwa umetundikwa kwenye msumari wake. Ila katikati ya ua paliota mabomba matatu yaliyopinda kama mishikio ya vikombe, yamejaa maji, na ndani ya bomba moja palikuwa na vijiwe vyeupe, vidogo kuliko chenga za mchele, vimesongamana.

"Nani amewaruhusu kutoka chumbani kwenu?" nikauliza kwa ukali.

"Ulijigonga, mama," kimoja kikajibu. "Mlango wa banda la kuku, siku ile unaikimbia mvua. Tulitikisika, tukajikuta huku."

"Na mbona hamrudi?"

"Hatujui njia. Ukiinama tunabiringika, ukigeuka tunabiringika. Tukibiringika maji yanachafuka, na wewe unadhani dunia inazunguka. Unaogopa. Na sisi tunaogopa. Huku ni giza."

Nakiri nilivionea huruma. Siku tisa nilikuwa navilaani bila kuvijua, kumbe ni vijiwe vyangu mwenyewe, vimenitumikia miaka sitini bila kudai shukrani, vimepotea njia mara moja tu.

"Miaka arobaini umenishika," ungo ukasema kutoka msumarini. "Mawe unayatoaje kwenye mchele?"

"Nakuinamisha, nakugeuza taratibu, natulia, nakugeuza tena, mpaka yashukie upande ninaoutaka."

"Na tabibu alikwambiaje?"

"Alisema kichwa kigeuzwe."

"Taratibu?"

"Taratibu."

"Ukamwona hajui kitu," ungo ukasema. Nikasikia kuku wakicheka.

Nikashika kichwa changu kwa mikono miwili nikaanza kujipepeta. Vijiwe vikatawanyika ovyo, ua ukapinduka, kuku wakawa juu, mawingu yakawa chini, na jogoo akauliza kama nina leseni. Nikaacha.

"Huwezi kuwa mchele ukawa mpepetaji pia," ungo ukasema. "Atafutwe mwenye mikono."

Mume wangu akanyoosha mikono yake. Haikufika hata kwenye kofia yake mwenyewe. "Mimi bado," akasema bila aibu. "Nani mwingine?"

"Ziada."

"Mwite."

Nikafungua mdomo kumwita Ziada, kikatoka kitunguu. Kimemenywa vizuri. Nikajaribu tena, kikatoka cha pili, kisha cha tatu. Vijiwe vikawa vinahesabu kwa sauti kama watoto wa shule. Vilipofika tisa, uani pakawa si pale tena.

Niko kwenye dirisha la kuandikisha watoto. Karani ni beseni la bluu la kuogeshea, lile lile, amevaa miwani. Na mtoto yuko mikononi mwangu. Sikumbuki nani amenipa. Kilo tatu na robo, joto, harufu ya mafuta ya nazi. Siku tisa sijapata harufu hii kwa karibu, na machozi yananitoka bila kuniuliza.

"Jina la mtoto?" anauliza beseni.

Nataka kusema Mrisho. Kitunguu cha kumi kimekwama mdomoni. Na hapo hapo ofisi inaanza kuzunguka.

Nyuma yangu kuna foleni. Ndani ya foleni yuko mkwe wangu na shati lake la kazini, anatazama kando kwa heshima, kama mkwe anavyotakiwa. Mama mkwe hagaagai chini mbele ya mkwewe. Nakaza magoti. Kuta zinapita. Tarehe kumi na saba siioni popote.

"Karibu," inasema sakafu.

"Watu wananitazama," nasema moyoni, maana mdomo una kitunguu.

"Na mimi nakutazama, siku ya tisa hii. Aliyekaa juu yangu sijawahi kumwona akianguka. Wanaoanguka ni wale wanaojikaza."

"Mficha uchi hazai," akasema beseni bila kuinua macho kwenye karatasi.

"Nimezaa watano!" nikafoka, na kwa kufoka huko kitunguu kikanitoka, kikabiringika mpaka miguuni kwa mkwe wangu.

Nikaketi. Sikuketi kwa madaha. Niliketi kwa makalio, miguu nimenyoosha, mgongo ukutani, mtoto katikati ya mapaja. Foleni nzima ikaketi. Mkwe wangu akaketi. Beseni, ambaye alikuwa ameketi tangu mwanzo, akaketi zaidi. Mzunguko ukatupita juu ya vichwa, ukakosa wa kumwangusha, ukatokea dirishani.

"Jina?" akauliza tena.

"Mrisho. Na mimi nina kizunguzungu."

Aliandika yote. "Hili la pili ni la ukoo?"

"Hapana. Ni la bibi yake. Ziada, mwanangu, unanisikia? Nina kizunguzungu na naogopa kumwangusha mwanao!"

Nilisema kwa sauti kubwa mno, na hakikutoka kitunguu.

Mume wangu akanitazama kutoka mapajani. "Umechelewa," akasema, "lakini umeketi." Akagusa wanja wa kwenye paji lake kwa kidole gumba, akakinyanyua kile kidole, akakibonyeza nyuma ya sikio langu la kulia. "Naweka alama, tabibu asije akakosea upande."

Nikaamka.

Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizika. Sikuruka. Nilijigeuza pole pole, nikaketi ukingoni, nikachezesha vidole vya miguu nikiingojea damu. Chumba kikajaribu kuzunguka, nikaikazia macho tarehe kumi na saba, kikaacha. Nikaona sababu ya kumshukuru Mungu kwa kila kilichomo humo kisichosogea.

Ziada alikuwa tayari mlangoni, mtoto mkononi, amefungua macho kama ambaye hakulala.

"Mama, ulikuwa unaniita?"

"Nilisema nini?"

"Niliisikia sauti tu. Maneno sikuyashika."

Nikatandika mkeka, nikaketi chini, nikaegemeza mgongo ukutani, nikanyoosha miguu. Nikamwambia yote: beseni, zahanati, dagaa, vitunguu. "Sikumkataa, mwanangu. Niliogopa kumwangusha. Umemngoja miaka tisa, mimi ni nani nimwangushe siku ya tatu? Na jina la baba yako halijanitonesha. Usiku nikiliita nafsi yangu inapoa."

Ziada akaanza kunigombeza, na sijapata kugombezwa kutamu namna ile. "Siku tisa, mama! Siku tisa nalia nikijiuliza nimekukosea nini, kumbe unaumwa unakaa kimya! Mimi sitoki mpaka arobaini, ila mume wangu akifika tu, anakupeleka zahanati."

"Mkwe ndiye anisindikize? Na heshima yangu?"

"Heshima utaiacha hapa na mimi, utaikuta ukirudi." Akapiga magoti akaniwekea mtoto mapajani, na mikono yake hakuiondoa mara moja.

Kilo tatu na robo. Harufu ya mafuta ya nazi. Alhamdulillahi, nikasema, na nikarudia, kwa sababu mara moja haikunitosha.

"Mama, una nini hapa?" Ziada alikuwa amenisogeza ushungi. Akapitisha kidole nyuma ya sikio langu la kulia, akakileta mbele ya macho yangu. Kilikuwa kimeingia weusi. "Wanja. Umetoka wapi? Huyu kalala kwangu usiku kucha, na wewe hukumgusa."

Tukamtazama mtoto. Doa la kwenye paji lake lilikuwa limemeguka upande mmoja. Ngumi zake alikuwa amezikunja, vidole gumba kavificha ndani kama wafanyavyo watoto wachanga wote. Nikaishika ngumi ya kulia, nikaikunjua kidole kimoja kimoja. Kidole gumba kilikuwa cheusi mpaka kwenye kucha.

"Ahsante, mume wangu," nikamwambia.

Akapiga mwayo. Ziada aliinuka akaenda mezani ilipokuwa ile karatasi ya cheti, akatafuta kalamu, na nikamsikia akiliandika jina la baba yake.